Bastola yenye sefti na isiyo na sefti: ipi imfae mmiliki wa Malindi au Lamu

Mtu wa Malindi au Lamu aliyekwisha kuhojiwa na kuchunguzwa, akapewa na Bodi ya Leseni za Silaha cheti chake chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, hubakiwa na uamuzi mmoja ambao hakuna ofisi itakayomfanyia: achukue bastola yenye sefti ya kidole gumba, yaani kijiti cha kuifunga isifyatuke, au achukue ile isiyo na cha kubonyeza isipokuwa kifyatulio chenyewe. Jamaa mmoja aliyestaafu uaskari atamwambia kwamba sefti humchelewesha mtu hadi akazikwa nayo. Jamaa wa pili, naye mstaafu vilevile, ataapa kwamba bastola isiyo na sefti haifai kuingia nyumba yenye watoto. Wote wawili huwa wanafikiria zile sekunde chache za kukutana na mwizi usiku. Ulinganisho huu unaangalia zaidi saa nyingine zote, yaani kuvaa na kuvua, kukoki na kutoa risasi, kusafisha, kufungia sandukuni na kufungua tena, kwa kuwa huko ndiko mikono ya raia inakokutana na silaha yake karibu kila siku, na kwetu pwani, kwa sababu ya chumvi, inakutana nayo mara nyingi kuliko ilivyo bara.

Tuanze na ile isiyo na sefti ya nje. Iliyoizoesha dunia aina hii ni Glock 17, ambayo jeshi la Austria liliichukua mwaka 1982. Si kweli kwamba haina usalama wowote, kwa maana ndani yake mna vizuizi vitatu: ulimi mdogo katikati ya kifyatulio, usiobonyea mpaka kidole kiukalie sawasawa, kizibo kinachoishika pini ya kupigia isiifikie risasi, na kizuizi cha tatu kinachohakikisha kwamba bastola ikianguka haifyatuki yenyewe. Vyote vitatu hujifungua kifyatulio kinapovutwa, kwa nguvu ya kilo 2.5 hivi. Kwa hiyo bastola hii hukulinda ikiteleza kutoka kiunoni hadi kwenye sakafu ya saruji, lakini haina njia ya kujua kama kilichoingia kwenye kifyatulio ni kidole chako kwa makusudi, au ni pindo la shati, au ni kamba ya kaptula. Usalama wake uliobaki umo katika vitu viwili vilivyo nje yake, navyo ni ala na kidole cha shahada.

Upande wa pili zipo bastola zenye sefti kwenye fremu, yaani kwenye mwili wa chini wenye mpini. Mfano wa zamani ni M1911 iliyobuniwa na John Browning, ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1911 wenyewe. Nyundo yake hukaa nyuma ikiwa tayari, kifyatulio ni chepesi na cha mwendo mfupi, na kinachosimama kati ya utulivu na mlio, mbali na kizuizi cha mpini kinachojifungua mkono ukiushika, ni kijiti kidogo cha chuma mahali gumba linapofika bila kutafuta: juu kimefunga, chini kimefungua. Kifyatulio chepesi namna hiyo bila sefti kingekuwa hatari tupu, na kwa bastola ya aina hii hakuna mjadala, sefti ni sehemu ya maisha yake.

Hapa nchini, hata hivyo, mtu ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana na Ceska, yaani bastola za CZ za Ucheki, na CZ 75 miongoni mwazo inahitaji maelezo ya peke yake kwa sababu wengi huinunua bila kujua tabia yake moja. Bastola hii inaweza kufyatua nyundo ikiwa chini, kwa mvuto wa kwanza mrefu na mzito wa kilo 4 au 5, na baada ya hapo kila risasi hutoka kwa mvuto mwepesi. Sasa, sefti ya CZ 75 ya kawaida hukubali kupanda tu wakati nyundo iko nyuma. Mmiliki akitaka kutembea na risasi ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kupigwa, huku nyundo iko chini, hana budi kuishika nyundo kwa gumba, kuvuta kifyatulio, kisha kuiteremsha polepole juu ya risasi iliyo hai. Hebu fikiria kazi hiyo ikifanywa Februari saa nane mchana na gumba lenye jasho. Kwa maoni yangu raia hapaswi kuwa na haja ya kufanya jambo hilo hata siku moja. Akiipenda Ceska, ama aizoee nyundo ikiwa nyuma na sefti ikiwa juu, jinsi wenye M1911 wafanyavyo, ama atafute CZ 75 BD, ambayo badala ya sefti ina kijiti cha kuteremshia nyundo bila kugusa kifyatulio. Ipo pia P-07, ambayo huuzwa na vipande vya kuibadilisha iwe ya sefti au ya kuteremsha nyundo, na fundi mwenye kibali hubadilisha.

Kundi la tatu ni la zile ambazo kijiti chao kiko kwenye slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma risasi inapolia. Walther PP ya mwaka 1929 ni ya kundi hili, na Makarov iliyopokewa na jeshi la Kisovieti mwaka 1951, na Beretta 92 ambayo Marekani iliichukua mwaka 1985 badala ya M1911. Kijiti kimoja hufanya kazi mbili, kuteremsha nyundo kwa usalama na kufunga. Ni mpango wa kuvutia, lakini una kasoro inayojulikana sana kwa waliotumia Beretta: mtu akiushika mgongo wa slaidi kwa kiganja chote ili akoki kwa haraka, anaweza kukisukuma kijiti chini bila kuhisi, akainyanyua bastola iliyofungwa huku akiamini iko tayari. Ndiyo maana yapo matoleo ya Beretta, yenye herufi G, ambayo kijiti chake huteremsha nyundo kisha hurudi juu chenyewe.

Halafu kuna jambo la mwelekeo, ambalo mnunuzi mgeni hulipita kama la mzaha. Kwenye M1911, CZ 75 na Makarov, kijiti kikiwa juu kimefunga na kikishuka kimefungua. Kwenye Beretta 92 ni kinyume kabisa: chini kimefunga, juu kimefungua. Gumba lililofundishwa kushuka kwa miaka haliwezi kuambiwa ghafla lipande. Mwenyeji wa Lamu aliyewahi kuwa polisi wa akiba, au aliyestaafu kutoka kikosi kilichotumia bunduki ya kivita ya G3, tayari ana gumba lenye mazoea, kwa kuwa swichi ya G3 iko juu ya mpini upande wa kushoto, juu kabisa ni kufunga na kushuka ni kufungua. Bastola ya fremu yenye mwelekeo huohuo itamfaa bila kumfundisha upya, na Beretta itampiga chenga siku atakayoihitaji. Aliyezoea bunduki ya AK ana hadithi nyingine, kwani wenzo wake mrefu uko upande wa kulia, hutembea kutoka kufunga juu, kupitia mfululizo katikati, hadi moja moja chini kabisa, na mkono hulazimika kuuachia mpini ili kuufikia, basi mazoea yake hayamsaidii sana kwenye bastola yoyote.

Sasa tuje kwenye meza ya kusafishia, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi katika uchaguzi huu. Anayekaa Shela ya Lamu, au Ngomeni, au karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni, anajua bawaba za dirisha zinavyogeuka nyekundu. Upepo wa kusi huja na unyevu, wa kaskazi huja na vumbi na mchanga, na bastola inayovaliwa mwilini huongezewa jasho juu ya hayo. Haivumilii kusubiri mwezi. Kwa mtu wa pwani kufungua na kupangusa silaha yake kila wiki ni kawaida, na kila kufungua ni nafasi ya kukosea.

Hapo ndipo tofauti inapojitokeza. Glock, ili slaidi itoke, inataka kifyatulio kivutwe kwanza. Mwenye kufuata utaratibu atatoa magazini, atavuta slaidi, atatazama ndani ya chemba kwa macho, ataingiza ncha ya kidole kuhakikisha kwamba ni tupu, ataelekeza mdomo wa mtutu mahali pasipo na mtu, ndipo avute. Aliyechoka ataruka hatua moja, na hatua inayorukwa mara nyingi ni mpangilio wa zile mbili za mwanzo: akavuta slaidi kabla ya kutoa magazini, risasi moja ikatoka na nyingine ikaingia, akaiona ile iliyoanguka mkekani akadhani kazi imekwisha. Kosa hilo linawezekana kwa bastola yoyote, ila kwenye Glock hatua inayofuata ni kuvuta kifyatulio, na kwenye CZ 75, M1911 na Beretta slaidi hutoka bila kifyatulio kuguswa. Huo ni ubora wa kweli wa zile za pili, na haumo katika sefti yenyewe bali katika umbo la silaha.

Sefti nayo ina ubaya wake mezani. Kwenye M1911, CZ 75 na Makarov, sefti ikifungwa hufunga na slaidi, maana yake ni kwamba huwezi kukagua chemba wala kutoa risasi mpaka kwanza uifungue. Wakati hasa ambapo ungetaka ulinzi, yaani unapotoa risasi, huna. Beretta 92 inakuruhusu kukoki na kutoa risasi huku kijiti kimefunga, na kwa jambo hili moja inawazidi wote waliotangulia. Mtu anayeingia na kutoka mahali pasiporuhusiwa silaha, akalazimika kuitoa risasi na kuirudisha kila mara, alipe jambo hili uzito mkubwa.

Kisha kuna kutu. Kijiti cha sefti hushikwa mahali pake na kipini kidogo chenye springi nyembamba, na chumvi ikiingia pale, mlio ule mkavu wa kijiti kinapokaa hugeuka kuwa mkwaruzo, halafu kijiti hukwama nusu njia, si juu si chini. Ukikibonyeza kwa gumba usipate ule mlio, usiivae. Ipeleke kwa fundi. Isiyo na sefti ina kipande kimoja pungufu cha kukwama, ingawa ule ulimi wa kifyatulio nao hukusanya mchanga wa ufukweni vizuri sana. Kwa zote mbili tumia mafuta mepesi ya bunduki na kidogo tu. Wapo wanaopaka mafuta ya nazi kwa kuwa yako jikoni, na mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo silaha iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi huamka na uji mweupe ndani ya springi.

Mafunzo hutofautiana kwa namna ambayo wauzaji hawaielezi. Msingi ni mmoja kwa zote, na aliyeueneza zaidi ni Jeff Cooper, mwanajeshi wa majini wa Marekani aliyefungua mwaka 1976 huko Arizona shule ambayo leo inajulikana kama Gunsite: ichukulie kila silaha kuwa ina risasi, usielekeze mtutu kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu, kidole kisiguse kifyatulio mpaka umelenga na kuamua, na ujue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Cooper mwenyewe alikuwa mtetezi mkubwa wa M1911 yenye nyundo nyuma na sefti juu, na bado aliitanguliza kanuni ya kidole kuliko sefti. Ukuta wa matumbawe wa Mji wa Kale wa Lamu huenda ukaizuia risasi, lakini kuta za udongo na makuti za mashamba ya Mpeketoni au Ganda hazizuii kitu, na kanuni ya nne huwa nzito huko kuliko uwanjani.

Mwenye sefti hufundishwa gumba. Linapanda juu ya kijiti tangu mkono unapoushika mpini ndani ya ala, linashuka wakati mtutu umeshaelekea kwenye shabaha wala si kabla, na linabaki limekalia kijiti muda wote wa kupiga. Uwanjani utamsikia mkufunzi kijana akimwambia mwanafunzi mwenye mvi, "Mzee wangu, gumba liko wapi?" Naye atajibu, "Liko chini, mwanangu." "Basi lipandishe, likae juu ya sefti mpaka tumalize." Sababu ni kwamba gumba lililo chini ya kijiti linaweza kukisukuma juu kwa mtikisiko wa risasi ya kwanza, na ya pili isitoke. Baada ya kupiga, kidole kinatoka, gumba linapandisha kijiti, ndipo bastola inarudi kwenye ala. Mambo haya yote yaingie mwilini kwa marudio, kwa kuwa mtu mwenye hofu hakumbuki, anafanya tu alichozoea. Asiyeyarudia atafanya moja kati ya mawili: atavuta kifyatulio kilichofungwa na kushangaa, au atatembea siku nzima na sefti iliyojifungua yenyewe kwa kusuguana na mkanda wa kiti cha gari, hasa kama ina vijiti pande zote mbili kwa ajili ya wanaotumia mkono wa kushoto. Akishuka kwenye boti gati la Mokowe baada ya kuinama na kujishikilia, aipitishie gumba tena kuhakikisha.

Asiye na sefti hufundishwa kidole cha shahada na kurudisha. Kidole kinanyooka ubavuni mwa fremu, juu ya kifyatulio, kila wakati usiokuwa wa kupiga. Kurudisha kwenye ala ni kwa taratibu na kwa kutazama, mkono wa pili ukiinua shati juu kabisa hadi kifuani, kwa maana hakuna tuzo ya kurudisha haraka. Ala iwe ngumu, ifunike kifyatulio chote, isiwe mfuko laini wa kitambaa unaokunjamana na kuingiza pindo lake mahali pabaya. Ishikwe na mkanda madhubuti. Kikoi, hata kikifungwa vizuri namna gani, hakibebi bastola, na matamvua yake ni aina hasa ya kitu kisichotakiwa karibu na kifyatulio kisicho na kizuizi.

Kwa wote wawili sehemu kubwa ya mazoezi inaweza kufanyika nyumbani bila risasi, chumba kikiwa hakina risasi hata moja, kwa risasi za bandia na ukuta imara mbele. Dakika 10 mara tatu kwa wiki hujenga gumba kuliko siku moja ya kupiga risasi nyingi. Na hilo lina maana kwetu, kwa kuwa kama uwanja unaoutumia uko Mombasa, kutoka Malindi ni kilomita kama 120 kwenda tu, na wa Lamu ana safari ndefu zaidi inayoanzia majini. Mtu ajiulize bila kujidanganya kama atayafanya mazoezi hayo. Akijua hatayafanya, asinunue bastola inayomtegemea gumba.

Majeshi na polisi wenyewe hawakukubaliana, na kutokubaliana kwao kunafundisha. Jeshi la Marekani mwaka 2017 lilichukua bastola ya M17 iliyotokana na SIG P320, likataka iwe na sefti. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, mwaka 2016 ilichukua Glock isiyo nayo. Naona kila mmoja alifuata maisha ya watu wake, kwani askari jeshi hutia na kutoa risasi kambini, garini na hemani, na mpelelezi huivaa asubuhi akaivua usiku. Polisi wa New York waliporuhusu bastola za kisasa mwaka 1993 walikwenda njia ya tatu, wakadai kifyatulio kizito cha kilo 5 na ushee kiwe badala ya sefti. Kifyatulio cha namna hiyo huvutwa kwa taabu hata unapotaka, na kulenga huharibika.

Mwenye duka wa Malindi anayebeba mauzo kwenda benki na kuivaa bastola kutoka asubuhi hadi jioni, ambaye yuko tayari kufanya mazoezi na kununua ala ya bei, atahudumiwa vizuri na isiyo na sefti, mradi utaratibu wa kusafisha aubandike ukutani juu ya meza. Mwenye mifugo kuelekea Langobaya au Galana, anayepanda na kushuka garini mara nyingi, akavaa na kuvua, ningempa sefti ya fremu inayoshuka kufungua, na kama aliwahi kushika G3 sina shaka kabisa. Akiwa na bunduki ya marisau pia, akumbuke kwamba sefti zake nyingi hufunga kifyatulio tu na hazizuii ndani ikianguka, na kwamba kitufe cha Remington 870 kiko nyuma ya kifyatulio hali cha Mossberg 500 kiko juu ya mgongo, basi asichanganye.

Mwenye nyumba ya wageni Lamu, ambaye silaha yake hulala sandukuni na hutolewa mara chache, asihangaishwe na mjadala wa sefti. Sefti si kufuli, na mtoto wa miaka minne hukisukuma kijiti kwa kucheza. Kinachomlinda mtoto ni sanduku la chuma na ufunguo ulio mwilini mwa mwenye cheti. Kwake yeye ninapendekeza yenye nyundo chini na mvuto wa kwanza mzito, kama CZ 75 BD, au hata rivolva, ambayo haina sefti yoyote ila mvuto wake ni wa kilo 5 hivi, na ukifungua silinda unaziona risasi zote, au tundu tupu zote, kwa mara moja. Rivolva ina mitambo mingi iliyofichika ndani ambako kutu huanza bila kuonekana, kwa hiyo achague ya chuma kisichoshika kutu, na aipeleke kwa fundi akaifungue kabla ya kila masika.